Hodi kwa Enoch Sizemore

Katika kona ya tatu ya barabara ya mlimani, asubuhi za siku za shule, Ardith Feltner alikuwa akipunguza mwendo wa basi bila sababu ambayo mtoto yeyote angeweza kuiona. Hapakuwa na kituo pale, wala ng'ombe barabarani. Basi la manjano lilinyong'onyea kidogo, dereva akageuza shingo upande wa ziwa, kisha akakanyaga mafuta tena. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo. Watoto aliowabeba na kamasi zao walikua, wakaoa, wakaja kumpandishia watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaangalia nini. Watoto hudhani dereva wa basi ni sehemu ya basi.

Alichokuwa akikitazama kilikuwa ng'ambo ya maji: mnara mweupe wa kanisa la Wabatisti, na nyuma yake mlima wenye pengo. Ukifika kwenye kona ya tatu, mnara huingia katikati ya pengo kama kisu kwenye ala yake. Ukiuona umekaa hivyo, ujue uko kwenye mstari. Na mahali fulani juu ya mstari huo, kati ya kona na kanisa, futi ishirini chini ya maji, iko nyumba ambamo Ardith alizaliwa.

Sisi wa bonde la Quillen, kila mmoja ana chake mle ziwani. Wengine wana mashamba ya mahindi, wengine duka la babu. Serikali ilipouziba mto kwa bwawa la umeme, makaburi yalipandishwa mlimani, mbao za nyumba zikang'olewa, mawe yakaachwa yazame yenyewe. Kila Jumapili ya majira yale mzee Enoch Sizemore aliwachukua wanawe wawili kwenda kuona maji yamefika wapi. Jumapili moja yalikuwa kwenye kizingiti. Nyingine, dohani ilikuwa imesimama peke yake na kunguru juu yake. Jumapili iliyofuata Ardith, mwenye miaka sita, aliuliza nyumba imekwenda wapi. Baba yake akamwambia haijakwenda popote, ni sisi tuliokwenda.

Enoch hakuwa mtu wa kulia. Alichonga boti ya mbao yenye sakafu bapa, akawafundisha watoto wake njia ya kurudi nyumbani. Wakati ule hapakuwa na vyombo vya kumwambia mtu yuko wapi duniani, ilikuwa macho tu. Ardith alikaa nyuma ya boti, uso ukielekea walikotoka, na kazi yake ilikuwa kuuweka mnara ndani ya pengo. Delmas, kaka yake aliyemzidi miaka minne, alikaa mbele akitazama ukingo wa kushoto, akingoja mti mmoja mrefu wenye kilele kilichochomwa na radi uje usimame chini ya jabali jeupe.

"Wangu sawa," Ardith angesema.

"Wangu bado. Bado. Bado kidogo. Sawa."

Hapo mzee huacha kasia. Chini yao, kwenye giza la kijani, palikuwa jikoni.

Marufuku kubwa ilikuwa kugeuka. Anayegeuka anapoteza wake, Enoch alisema, na tukipoteza mmoja tumepoteza nyumba. Mimi nadhani alikuwa na lake moyoni pia: hakutaka mtoto wake hata mmoja aweze kurudi nyumbani bila mwenzake. Kisha, kabla ya kutupa ndoano, aligonga ubavu wa boti mara tatu kwa vifundo vya vidole, kama mtu mwenye adabu zake. Na mama yao, akiwamo, alijibu bila kuinua macho kwenye kufuma kwake: "Ingia. Futa miguu." Mama alipofariki, Delmas akalichukua jibu, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Samaki walikuwapo, na wakubwa. Yule wa mdomo mpana, mwenye mgongo wa kijani na kinywa kinachomeza ngumi ya mtu, hupenda mawe na kivuli, kwa hiyo kila nyumba iliyozama ni mji wake. Sisi tunamwita mdomo-mpana, basi. Na kwetu mtu atakuachia lori lake, atakuja kukuchimbia kaburi la mama yako kwenye mvua, lakini hatakuambia mdomo-mpana wake anaishi wapi. Kumwaga siri ya mahali pa samaki ni dhambi ambayo haimo kwenye Biblia kwa sababu tu Musa hakuwa mvuvi wa ziwani.

Sasa utaelewa kilichotokea kiangazi kile, miaka kumi na mmoja kabla ya hii ninayoisimulia. Mzee Enoch alikuwa kitandani, kiharusi kimemchukua mguu na ulimi. Asubuhi ya mashindano ya uvuvi ya kila Julai Delmas alifika kwenye mti wake na jabali lake, akaona boti ya daktari wa meno, bwana Pruitt, mtu wa kuja, aliyehamia bondeni juzijuzi tu, imetulia kama bata bandani palepale alipokisia dohani ya Sizemore ipo. Delmas hakusema kitu mle majini. Aliyaleta yote gatini, mbele ya kila mtu.

"Umemwambia Virgil," alimwambia dada yake. "Na Virgil ni kinyozi. Ukimwambia kinyozi umewaambia vichwa vyote vya wilaya."

Virgil Feltner, mumewe Ardith, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa maji. Hata beseni la kuogea aliliangalia mara mbili. Ardith alichemka. Alisema yeye anajua nusu tu, na nusu ya siri mtu anaisema vipi? Akasema na mengine: bora nyumba yetu iwe na wageni kuliko kuwa na mwenyewe kama wewe. Tangu hapo wakanuniana. Walimuuguza baba yao kwa zamu, mmoja asubuhi, mmoja jioni, wasikutane mlangoni. Mzee alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, mara tatu, akimkazia macho aliyekuwapo. Ardith akamletea maji. Delmas, kwa zamu yake, akamletea blanketi. Mzee akafa na majira ya baridi.

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulichukua majembe tukalima miaka kumi na mmoja, na hawakupatana.

Basi Juni ile Ardith alirudisha ufunguo wa basi. Walimpa keki na saa ya ukutani. Wiki ya kwanza nyumbani alijikuta anaamka alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, na hakuna kona ya tatu ya kwenda. Hakuwa na boti. Hilo ndilo lililomuuma, na hakulificha nafsini mwake: alitaka kurudi juu ya ile nyumba mara moja kabla hajafa, na alitaka kurudi na Delmas, kwa sababu bila Delmas pale ni maji tu.

Mashindano ya hisani ya Julai mwaka ule yalikuwa ya kuchangia gari la wagonjwa, maana lililokuwapo lilikuwa likifa kila penye mwinuko, na kwetu kila mahali ni mwinuko. Virgil alilingoja dakika hamsini akiwa sakafuni mwa duka lake la kunyolea. Kwa hiyo Ardith alipojiandikisha, watu walidhani ni kwa ajili ya Virgil. Ilikuwa nusu kweli.

Huwa tunafanya bahati nasibu Ijumaa jioni, katika ukumbi wa waokoaji. Majina ya wenye boti yanasomwa, na kila mmoja anachomolewa mwenzake kutoka kwenye ndoo ya chambo. Mwenye boti hukaa mbele na kuchagua pa kwenda. Wa nyuma huvua yanayobaki. Aliyekuwa akichomoa ni Hobert Gayheart, mkuu wa waokoaji, mwanamume mwenye tumbo la kuheshimika.

"Delmas Sizemore," akasoma. Akatia mkono ndooni, akafungua karatasi, akaigeuza upande wa pili kana kwamba huko kungekuwa na nafuu. "Na Ardith Feltner."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kesho msisahau bendeji."

"Chomoa tena," Delmas akasema.

"Jina likishatoka kwenye ndoo halirudi, mzee. Kanuni hiyo uliiandika wewe mwenyewe."

"Hobert, mwambie kama anaogopa abaki nyumbani alale," Ardith akasema.

"Mwambie simwogopi mtu aliyeendesha basi miaka ishirini kama amepakia mayai."

"Na mwambie mayai yote yalifika."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini alipofika nyumbani alisimama jikoni muda mrefu na nyanya mkononi, hajui anataka kuifanya nini. Mwishowe aliikata akaitia kwenye mikate, ya watu wawili, na chumvi nyingi, kama alivyokuwa akitengeneza mama yake siku za ziwani.

Saa kumi na mbili alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na boti zilitoka gatini moja moja, zikimezwa. Delmas alikuwa na boti ndefu ya kijani yenye zulia la kijivu, na mbwa mzee aitwaye Shemasi, kwa sababu husinzia kanisani na huamka panapopita chakula. Shemasi alilala katikati, kati ya kaka na dada. Alikuwa ndiye mjumbe.

"Shemasi," Delmas akasema akiwa amempa dada yake mgongo, "mwambie bibi wa nyuma asiweke miguu juu ya mfuniko wa tangi. Mle ndimo samaki watakamokaa, na wanatakiwa wafike kwenye mizani wakiwa hai."

"Shemasi, mwambie mzee wa mbele samaki wenyewe hawajaonekana. Na miguu yangu imezoea mazulia bora kuliko hili."

Mbwa akapiga mkia mara moja, akalala.

Saa zikaenda hivyo. Delmas aliiongoza boti kwa mota ndogo ya umeme, mguu juu ya kidude chake, akitupa nyungunyungu wa plastiki kando ya miti iliyozama. Alimpata mmoja wa haja, kisha wawili wadogo waliopita kipimo kwa ukucha. Ardith hakupata kitu, na wala hakujali. Ukungu ulikuwa ukipungua taratibu, na ulipofunguka aliona maji yamekuwa ya kijani ileile ya utotoni mwake, hata akahisi kama boti haiko juu ya ziwa bali juu ya mwaka fulani wa zamani, unaoonekana hadi chini. Alifikiria ngazi za mlango wa nyuma. Alifikiria samaki wakipita chumbani alimolala yeye na bibi yake, wakizunguka nguzo ya kitanda ambacho hakipo. Jua lilipanda. Joto lilimfanya asinzie macho wazi.

Ndipo alipogundua kwamba walikuwa wakipita palepale kwa mara ya tatu.

Delmas alikuwa akienda kutoka ukingoni hadi katikati, kisha kurudi, kama mbwa kando ya ua. Na kila mara alitazama ukingo wa kushoto, akaufuata juu, akaufuata chini, kama mtu anayetafuta miwani aliyoiweka jana. Kifaa chake cha kupima kina kilikuwa kikiwaka taa yake nyekundu: futi ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na sita. Ardith akaelewa. Mti ulikuwa umeanguka. Barafu ya majira ya baridi ya mwaka juzi iliuvunja. Yeye mwenyewe aliukuta asubuhi moja ya Februari umelala barabarani, kwa sababu ulikuwa umesimama kando ya kituo cha basi. Siku ile alikaa nyuma ya usukani akalia, na watoto wakadhani analia kwa kuchelewa.

Kwa hiyo kaka yake hakuwa na mstari tena. Miaka tisa alikuwa akipita mle akiwa na nusu, na miaka miwili hii hakuwa hata na nusu.

Angeweza kunyamaza. Akisema, atajulikana. Alimtazama shingo, mikunjo yake, nywele zilizokuwa zikihitaji Virgil.

"Shemasi," akaanza, kisha akaacha. Haya hayakuwa ya kumtuma mbwa. "Delmas."

Mabega yake yakasimama.

"Kile kibanda cha bati, wanapongojea basi. Lenga kona yake ya kushoto. Ndipo mti ulipokuwa."

Mota ikanyamaza. Maji yakawa yanagonga boti kidogokidogo.

"Mti gani?"

"Mti wako."

"Mti wangu umeujuaje?"

Ardith aliangalia mikono yake. "Niligeuka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitaka kujua wewe huwa unaona nini."

"Uligeuka."

"Mara moja."

"Mara moja tu."

"Ni mti na jabali, kaka, si hesabu za shule. Mara moja inatosha."

Delmas alikuwa mtu aliyeshika kila alichoambiwa. Katika utoto wake wote hakugeuka hata siku moja, na sasa ilionekana shingoni mwake kwamba alikuwa akikumbuka ni mara ngapi alitamani.

"Basi ulikuwa na yote mawili," akasema. "Siku ile gatini ulisimama ukasema unajua nusu."

"Nilisema uongo. Niliona haya." Akainua uso. "Lakini sikumwambia mtu, Delmas. Si Virgil, si mtu. Hilo halikuwa uongo. Sina shahidi. Ninaye huyu mbwa tu, na hakuwapo."

Alingoja. Delmas aliwasha mota, na boti ikageuka polepole hadi mgongo wake Ardith ukawa unaelekea waendako na uso kanisani. Hakumwambia aangalie wapi. Hakuhitaji.

Mnara uliingia katika pengo. "Wangu sawa," Ardith akasema.

Kisha sauti ya mzee wa miaka sitini na miwili, lakini maneno ya mtoto: "Wangu bado."

Wakaenda.

"Wangu sawa."

"Bado. Bado." Taa nyekundu ilisema ishirini na saba, ishirini na tano. "Bado kidogo." Ishirini na mbili. Kumi na tisa. "Sawa."

Akazima. Joto lilikuwa limeyafanya maji na anga kuwa kitu kimoja, na boti ilining'inia katikati yake. Ardith alihisi nyumba chini yake kama unavyohisi mtu amelala chumba cha pili. Hapa mbele, mlango. Pale aliko Shemasi, meza. Kule alikosimama kaka yake, dohani, na mbele ya dohani kiti cha mama.

Delmas aliinua ngumi hadi ubavuni mwa boti, ikabaki hapo. Ikashuka.

Basi Ardith akainama, akagonga yeye. Mara tatu.

Akasikiliza. Aliona midomo ya kaka yake ikikazana. Kisha Delmas alichukua fimbo yake ya kuvulia, akatupa nyungunyungu upande wa dohani, bila neno. Ardith aliuma mdomo. Alijiambia, umerudi nyumbani, mwanamke, ulichokitaka umekipata, ukitaka na karibu pia utakuwa umetaka makubwa. Hayo hayakumliwaza hata kidogo.

Samaki, wao hawakuwa na kinyongo na mtu. Wa kwanza alimshika Delmas kabla nyungunyungu hajafika chini. Wa pili aliuvuta mshipi wa Ardith taratibu, kama mtu anayevuta pazia, naye akaukaza, fimbo ikapinda hadi majini. Delmas alichukua wavu wa mkono akaja nyuma kumsaidia bila kumtazama usoni. Alikuwa mdomo-mpana mkubwa kuliko wote wa siku ile, mzee, na kovu la ndoano ya kale mdomoni. Ardith alimshika kwa taya, akamwangalia jicho lake la dhahabu. "Huyu ameishi kwetu kuliko sisi," akasema. Wakamtia tangini. Sasa walikuwa na watano, idadi kamili, na pampu ikawa inawanong'onea maji mle ndani. Delmas alirudi mbele. Ardith alikunjua mikate ya nyanya, akaweka mmoja juu ya zulia nusu ya njia, akaula wake. Baada ya muda mkono wa Delmas ulikuja ukauchukua ule mwingine kabla ya Shemasi. Ukala, lakini haukushukuru.

Saa saba ilikuwa imekaribia waliposikia mota kwa mbali.

Boti nyeupe ilikuwa ikija polepole, ikilikabili jua, na ndani yake wanaume wawili. Wa mbele alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani: daktari Pruitt. Ardith alimwona kaka yake akiwa mgumu kama mti. Akawaza, sasa ndiyo basi tena. Jua lilikuwa usoni mwa Pruitt, na ilionekana hakuwa amewaona. Alizima mota hatua thelathini hivi kutoka kwao. Alitazama kibanda kushoto, akatazama mnara nyuma, akaridhika. Kisha akaivua kofia yake, akainama juu ya ubavu wa boti yake, na kwa vifundo vya vidole akagonga mara tatu.

Sauti ilikuja juu ya maji, ndogo na safi.

Delmas aliiacha fimbo ikashuka hadi ncha yake ikagusa ziwa.

"Pruitt," akasema, wala hakupaza sauti. "Nani alikufundisha kugonga?"

Daktari akashtuka, akakinga macho kwa kofia. "Sizemore? Samahani, sikuwaona. Tunaondoka."

"Nimekuuliza, bwana."

"Mzee wenu," Pruitt akasema. "Nani mwingine? Nilimng'oa jino, akasema hajawahi kushikwa taya na mtu mwenye mkono mwepesi vile. Wiki iliyofuata akanileta hapa. Akanitembeza chumba kwa chumba, mimi na yeye tumekaa tu kwenye boti. Alisema siku hizi hakuna anayemuuliza nyumba ilikuwaje. Wanawe wanajua iliko, alisema, lakini hawaulizi ilikuwaje." Akasita. "Akasema nigonge kwanza, mke wake ana mambo ya adabu. Na akaniomba nisiwaambie nyie, mngemcheka. Halafu akapatwa na lile la ulimi, na wewe siku ile gatini hukuwa ukisikiliza mtu."

Shemasi aliinua kichwa, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Ardith alikuwa akifikiria ubao wa kitanda, na glasi ya maji aliyokuwa akiipeleka kila mara mdomoni mwa baba yake, ambaye hakuwa akiomba maji. Alijua bila kuambiwa kwamba kaka yake alikuwa akifikiria blanketi.

Delmas alikaa chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya juu ya nyumba ile tangu utotoni: aliuacha ukingo wake wa kushoto, jabali na kibanda na vyote, akageuka nyuma mzimamzima, akamtazama dada yake usoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemasi," akasema, na sauti ikamkatikia hapo.

"Mbwa amechoka," Ardith akasema. "Sema mwenyewe."

"Ulipiga hodi. Saa ile."

"Nilipiga."

"Sikukujibu."

"Hukunijibu."

Alijifuta uso kwa kiganja, akakaa wima, mikono juu ya magoti, kama mwenye nyumba.

"Ingia, Ardie," akasema. "Futa miguu."

Kule kwenye boti nyeupe daktari Pruitt alidhani ni yeye aliyejibiwa. Akasema asante sana, akatupa mshipi wake upande wa dohani, na hakuna aliyemsahihisha. Ardith alishusha miguu kutoka kwenye mfuniko wa tangi. Akavisugua viatu vyake kwenye zulia la boti, kwanza kimoja, kisha cha pili, bila haraka, hadi akawa na hakika vimetakata.